Haiolithi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wanyama wa bahari waliokaa ndani ya pia

Dinosaria wana mashabiki wao, na wamestahili. Ila kuna viumbe wadogo wa baharini waliodumu karibu miaka milioni 280, na hadi leo mtu akitafuta habari zao kwa Kiswahili haambulii kitu. Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi, walimu wa sayansi na watu waliookota jiwe wakashindwa kulala. Nimejibu kwa urefu pale palipo na utamu, na kwa ufupi pale pasipo na mengi.

Haiolithi ni nani hasa?

Ni wanyama wa baharini waliotoweka kabisa, tunaowajua kwa visukuku peke yake. Kila mmoja alikaa ndani ya ganda lenye umbo la pia: ncha moja imechongoka, ncha nyingine iko wazi. Chukua kile kikaratasi anachokisokota muuza karanga akakujazia karanga zako, kisha kipunguze hadi kiwe na urefu wa ukucha wa kidole gumba. Weka kifuniko kwenye mdomo wake, kifuniko kinachofunguka na kujifunga. Hapo umekaribia sana kumwona haiolithi. Wengi wao walikuwa na urefu wa sentimita 1 hadi 4 hivi.

Ganda lilijengwa kwa kalisi kaboneti, malighafi ileile wanayojengea konokono na chaza. Mnyama alivyokua, aliongeza ganda pale mdomoni, kwa hiyo juu ya visukuku vilivyohifadhika vizuri unaona mistari ya ukuaji imepangana kuanzia nchani hadi kwenye uwazi.

Waliishi lini?

Walitokea mwanzoni mwa enzi ya Kambria, zaidi ya miaka milioni 530 iliyopita, wakati wanyama wenye maganda walipoanza kujaa baharini. Walitoweka mwishoni mwa enzi ya Permi, miaka milioni 252 iliyopita. Neema yao kubwa ilikuwa Kambria yenyewe. Kuna miamba ya wakati huo ambayo maganda yao yamelundikana kama makapi ya mpunga. Baada ya enzi ya Ordovisia wanapungua, na kuelekea mwisho wanakuwa adimu.

Ili kuupima muda huo: dinosaria wa mwanzo hawakuwepo bado siku haiolithi wa mwisho anakufa. Binadamu ndiyo usiseme.

Nani aliwapa jina hili?

Jina Hyolithes lilitolewa mwaka 1840 na Eichwald, mwanasayansi aliyefanya kazi katika Dola la Urusi. Sehemu ya mwisho ya neno ni lithos, yaani jiwe kwa Kigiriki. Kundi zima likaja kuitwa Hyolitha mwaka 1963, na aliyelipendekeza ni Ladislav Marek wa Prague. Mimi naandika haiolithi, kwa umoja na kwa wingi, na nawaweka kwenye ngeli ya a-/wa- kwa sababu walikuwa viumbe hai. Hatumwiti konokono "hicho", basi na hawa tuwatendee vivyo hivyo.

Je, wote walikuwa wa aina moja?

Hapana. Wanagawanywa makundi mawili makubwa, na tofauti yao inaonekana hata kwa macho ukiwa na kisukuku kizuri.

Kundi la kwanza ni Hyolithida. Ganda lao si la duara; ukilikata kwa upana unaona umbo linalokaribia pembetatu, upande mmoja bapa na mwingine umeinuka kama mgongo wa paa la nyumba. Ule upande bapa umechomoza mbele ya mdomo kama ulimi mfupi. Hawa ndio wenye zile fito mbili za ajabu nitakazozieleza hapa chini. Kundi la pili ni Orthothecida. Ganda lao mara nyingi ni la mviringo au linakaribia mviringo, halina ulimi, halina fito, na kifuniko chake huzama kidogo ndani ya mdomo wa ganda.

Hizo fito mbili zilikuwa za nini?

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipowapenda wanyama hawa.

Kwa Hyolithida, katikati ya ganda na kifuniko zinachomoza fito mbili, moja kushoto na moja kulia, nyembamba, zimepinda kama mbavu. Wataalamu huziita heleni. Jina lina kisa chake: mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Charles Doolittle Walcott alizikuta zikiwa zimetengana na maganda, akadhani ni mnyama mwingine kabisa, akamwita Helenia. Baadaye vikapatikana visukuku vilivyofungamana, fito zikiwa mahali pake, ikabainika kwamba kilichoitwa mnyama kilikuwa kiungo cha mnyama. Jina likabaki.

Kazi yake imebishaniwa sana. Wapo waliosema zilikuwa makasia, wengine wakasema zilimzuia mnyama asigeuzwe na mkondo wa maji, na wengine kwamba zilimsaidia kujigeuza mwenyewe akipinduka. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2017 yanasema zilifanya kazi ya magongo: ncha zake zinakanyaga tope, mdomo wa ganda unainuka, na mnyama anapata maji safi ya kuchuja badala ya kula matope. Nayaona yanaingia akilini zaidi, maana ukitazama jinsi zilivyopinda kuelekea chini unaona kabisa kitu kilichoegemea. Hata hivyo kazi moja haizuii nyingine. Mkono wako unashika jembe na unakuna kichwa.

Ndani ya ganda mlikuwa na nini?

Kwa zaidi ya karne moja na nusu hili halikujibika vizuri, kwa sababu nyama huoza. Ganda likibaki tupu, likajaa mchanga, likageuka jiwe, huwezi kujua mwenyewe alikuwaje. Ni sawa na kukuta nyumba imehamwa. Unahesabu vyumba, lakini sura ya mwenye nyumba huijui.

Kitu kilichobaki mara kwa mara ni utumbo, kwa sababu ulijaa mashapo kabla mnyama hajafa. Na utumbo huo ulikunjwa: unaingia hadi ndani, unageuka, unarudi mbele, na njia ya haja iko karibu na kinywa. Kwa kiumbe anayeishi ndani ya pia iliyozibwa nyuma, hakukuwa na njia nyingine. Kwa baadhi ya Orthothecida utumbo umekunjamana kwa kona nyingi, kama utepe uliopangwa kwenye kijisanduku.

Kisha kuna misuli. Kwenye upande wa ndani wa kifuniko kuna makovu yanayoonyesha pale misuli iliposhikilia. Mnyama aliyebana misuli hiyo alivuta kifuniko kikafunga, heleni zikiwa zimebaki nje kupitia nafasi ndogo za pembeni.

Kwa nini walileta utata mrefu kiasi hicho?

Kwa sababu ganda linadanganya. Umbo la pia ni jibu rahisi kwa mnyama yeyote laini anayetaka kujikinga, na limejitokeza kwenye makundi mengi yasiyo na undugu. Aliyewatazama haiolithi akiwa amezoea konokono aliona konokono. Joachim Barrande, aliyechimba na kueleza visukuku vya Bohemia katika karne ya 19, aliwaweka pamoja na pteropodi, wale konokono wadogo wanaoelea baharini. Wengine walisema ni moluska, yaani kundi la konokono, chaza na ngisi, ila wa tawi lao wenyewe. Wengine wakasema wapewe faila, yaani kundi kuu la wanyama, ya peke yao na mjadala uishe. Vitabu vingi viliwaweka kwenye kapu la "undugu haujulikani", na humo wakakaa.

Mambo yalibadilika mwaka 2017. Joseph Moysiuk, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza pale University of Toronto, pamoja na Martin Smith na Jean-Bernard Caron, walichapisha kazi yao katika jarida la Nature. Walipitia vielelezo zaidi ya 1,500, vingi vikiwa vya jenasi Haplophrentis, kutoka Burgess Shale ya Kanada na Spence Shale ya Marekani. Hiyo ni miamba ya tope laini sana, ambako wanyama walifukiwa ghafla na hata sehemu zisizo ngumu zikaacha alama nyembamba kama kivuli kwenye jiwe.

Humo ndani, karibu na kinywa, wakakiona kile ambacho maganda matupu hayakuwahi kukionyesha: utepe wenye minyiri, kati ya 12 na 16, inayochomoza chini ya kifuniko. Waliutambua utepe huo kuwa lofofori, chombo cha kulia cha brakiopodi (nitawaeleza hapa chini) na foronidi, wanyama wa baharini wanaofanana na minyoo. Kwa hiyo, walisema, haiolithi si moluska. Ni jamaa wa brakiopodi.

Nataka msomaji mwanafunzi alione hili vizuri. Burgess Shale iligunduliwa na Walcott mwaka 1909, na mnyama huyuhuyu alikuwa ameshaelezwa na G. F. Matthew mwaka 1899 kwa jina Hyolithes carinatus. Jina la jenasi Haplophrentis lilikuja mwaka 1988. Mnyama alikuwa amekwisha elezwa na kupewa jina, anajulikana. Kilichohitajika ni mtu wa kukaa na vielelezo mamia kwa mamia, kimoja baada ya kingine, akitafuta kivuli cha minyiri.

Brakiopodi ni nini? Nimewahi kumwona?

Huenda umemwona ukadhani ni chaza. Ana maganda mawili, lakini yamekaa juu na chini ya mwili, wakati ya chaza yamekaa kushoto na kulia. Wengi wametoweka, ila wapo wanaoishi hadi leo. Mmoja wao, Lingula, huchimba shimo kwenye tope la bahari za joto za Hindi na Pasifiki, akajishikiza kwa mkia mrefu wa nyama.

Basi mjadala umekwisha?

Haujakwisha, na atakayekuambia umekwisha anakuharakisha.

Mwaka 2018 watafiti walieleza haiolithi wa Yunnan, China, waliyemwita Pedunculotheca, wakasema alijishikiza chini kwa kikonyo kama brakiopodi. Hilo liliongeza uzito upande wa 2017. Lakini mwaka 2020 kundi jingine likaja na Orthothecida wa Chengjiang, pia Yunnan, mwenye umri wa miaka milioni 518 hivi, anaitwa Triplicatella. Naye ana minyiri, ila imekaa kwa mafungu mafungu, si kwenye utepe wa lofofori. Waandishi wake wakasema haiolithi wakae chini kabisa kwenye shina la ukoo mkubwa unaozaa moluska, brakiopodi na minyoo ya pingili, badala ya kupachikwa ndani ya tawi la brakiopodi. Wapo pia waliochunguza muundo wa ndani wa ganda wakaona unafanana zaidi na wa moluska.

Mtazamo wangu ni huu: kuwaita konokono sasa ni kosa, minyiri imeonekana na haiwezi kufutwa. Lakini swali la kama minyiri hiyo ni lofofori ya kweli linahitaji Orthothecida wengine waliohifadhika nyama, na hao ni wachache mno.

Walikula nini, na nani aliwala wao?

Hyolithida, kwa maelezo ya 2017, walichuja chembe za chakula majini kwa minyiri yao. Orthothecida wengi wanakutwa utumbo umejaa mashapo, jambo linaloashiria kwamba walikuwa wakila tope na kunyonya kilichomo.

Waliowala tunawajua kwa ushahidi wa wazi kabisa. Katika Burgess Shale yupo mnyoo mnene wa kundi la priapulidi, Ottoia, mwenye pua ya miiba anayoigeuza ndani nje. Ndani ya utumbo wa baadhi yao kuna maganda ya haiolithi, mazima, na katika baadhi ya minyoo ni zaidi ya ganda moja. Kifuniko na magongo yale yote hayakumsaidia mwenyewe siku hiyo. Miaka milioni 508 imepita na bado unaweza kusoma mlo wa mnyoo.

Nimeokota jiwe lenye umbo la pia. Je, ni haiolithi?

Uwezekano mkubwa ni hapana, ila usilitupe. Lishike mkononi, ulichunguze kwa lenzi, kisha jiulize mambo machache.

Je, ndani yake kuna vyumba vilivyotengwa kwa kuta, na kijibomba kinachopenya kuta hizo? Basi ni jamaa wa ngisi na pweza mwenye ganda lililonyooka. Zile pia nyeupe kwenye mawe meusi yaliyong'arishwa, zinazouzwa kama sahani na meza kutoka Erfoud, Moroko, ni hao. Watu huniletea picha zake wakiwa na hakika kabisa. Baadhi ya haiolithi nao wana kuta ndogo nchani, lakini kijibomba hawana.

Je, limejaa jiwe tupu, zito, lina umbo la risasi, na mahali lilipovunjika unaona miale inatoka katikati kama jua? Hilo ni belemniti, mfupa wa ndani wa mnyama mwingine wa jamii ya ngisi. Je, lina pete nyingi zilizopangana kuanzia nchani hadi mdomoni, na ni dogo sana? Fikiria tentakuliti, kiumbe mwingine wa baharini aliyetoweka. Je, lina pande nne zinazokutana kwa kona, zenye mistari myembamba inayopishana? Hiyo ni konularia, na kwa sasa wataalamu wengi wanaihusisha na jamii ya yavuyavu.

Kwa haiolithi tafuta pia ya kawaida, yenye upande mmoja ulio bapa kuliko mwingine, kuta nyembamba, ndani wazi au pamejaa mashapo. Ukipata na kifuniko pembeni yake, moyo utakudunda.

Wanapatikana Afrika Mashariki?

Miamba yetu ya pwani yenye visukuku vya bahari ni ya baadaye mno. Mawe ya enzi ya Jura yanayoonekana Mombasa, chokaa ya mapango ya Amboni kule Tanga, na miamba ya Tendaguru mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba dinosaria kati ya 1909 na 1913, yote yaliwekwa zaidi ya miaka milioni 80 baada ya haiolithi wa mwisho kufa. Amoniti, wale jamaa wa ngisi wenye ganda lililojiviringa, na belemniti utazikuta. Haiolithi, la.

Na miamba yetu ya Permi je? Tunayo, kwa mfano katika bonde la Ruhuhu, kusini magharibi mwa Tanzania. Ila haiolithi wa mwisho walipokuwa baharini, Ruhuhu ilikuwa nchi kavu ya mito na mabonde, yenye wanyama wa nchi kavu kama disinodonti wenye pembe mbili mdomoni. Maji ya chumvi yalikuwa mbali.

Barani Afrika, pa kwenda ni Moroko. Milima ya Anti-Atlas ina miamba ya Kambria yenye haiolithi, na katika mwamba wa Fezouata wa enzi ya Ordovisia amepatikana hata mmoja mwenye sehemu laini zilizohifadhika, akaelezwa mwaka 2016.

Neno moja la ziada kwa mwenye kuokota. Kenya na Tanzania zote zina sheria zinazolinda visukuku, na kuchimba bila kibali ni kosa. Ukikutana na kitu, piga picha ukiweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, andika mahali kilipo, uwaarifu watu wa makumbusho. Kisukuku kilichong'olewa bila kuandikwa kilikotoka kimepoteza nusu ya maneno yake.

Kwa nini walitoweka?

Mwisho wa Permi ulikuwa msiba mkubwa kuliko yote ambayo uhai wa baharini umewahi kupitia. Volkano za Siberia zilimwaga lava juu ya eneo kubwa sana kwa muda mrefu. Hewa ikajaa gesi, dunia ikapata joto, bahari ikapungukiwa oksijeni na maji yake yakawa makali kwa wajenzi wa maganda. Zaidi ya asilimia 80 ya spishi za baharini zilikwisha. Trilobiti nao, wale wanyama wa baharini wenye ganda la pingili, waliondoka hapohapo.

Haiolithi walifika kwenye msiba huo wakiwa tayari wachache, jamii iliyokwisha kupungua kwa mamilioni ya miaka.

Naweza kuwaona wapi kwa macho yangu?

Mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa visukuku vya Burgess Shale uko Royal Ontario Museum, Toronto, na ukumbi wao wa chimbuko la uhai ulifunguliwa mwaka 2021. Ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili wanaishi mji ule, wawapeleke watoto. Huko mlimani kwenyewe, katika hifadhi ya taifa ya Yoho, unaweza kupanda na mwongozaji hadi kwenye machimbo ya Walcott, lakini hairuhusiwi kuondoka na hata kijiwe.

Ukifika mbele ya kioo, usisimame mahali pamoja. Mara ya kwanza mimi niliona jiwe jeusi tu lenye kidoa cha kijivu, nikataka kupita. Kisha nikainama kidogo upande wa kushoto, mwanga wa taa ukabadilika juu ya jiwe, na ghafla vikang'aa: pia ndogo isiyofika hata urefu wa kidole, kifuniko chake, na pande zote mbili, nyembamba kama unywele, fito zilizopinda.